Koki Kwanza, Hodhi Baadaye

Hodhi la kuogea la mtindo wa kale, lile linalosimama peke yake katikati ya bafu juu ya miguu minne yenye umbo la kucha za simba, limerudi kwa kishindo. Hoteli zinalipigia picha za matangazo, na watu wanaojenga nyumba zao Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa wanaliweka kwenye ramani ya chumba kikuu. Pamoja nalo umeenea mtazamo ambao wenye nyumba wengi wanaushika na wauzaji wengi wanauhubiri: kwamba kazi kubwa ni kuchagua hodhi, na koki ni pambo la kumalizia. Hodhi likishafika na marumaru zikishapigwa, mwenye nyumba anakwenda dukani na picha kwenye simu, anachagua koki inayofanana na picha hiyo, kisha anamwita fundi bomba aje kufunga. Mtazamo huo una makosa, na makosa yake si madogo. Kwa hodhi la aina hii, koki, mabomba yanayoilisha, valvu zake na njia ya maji machafu ndivyo vinavyoamua kama mtu ataoga au hataoga. Hodhi lenyewe ni chombo cha kupokea maji tu. Anayeanza nalo ameanza na kitu ambacho kingeweza kusubiri, na kile kisichosubiri amekiacha mwisho.

Tuanze na tofauti kati ya hodhi hili na lile la kujengewa ukutani. La kujengewa limeegemea ukuta pande mbili au tatu, mabomba yake yako ndani ya ukuta, na fundi akikosea sentimita mbili tatu, marumaru hufunika kosa. Hodhi linalosimama peke yake halina pa kuficha chochote. Waliolitengeneza mwanzo walilijua hilo. Mwishoni mwa karne ya 19 mahodhi haya yalisubiwa kwa chuma na kupakwa enameli. Mwaka 1883 John Michael Kohler wa Sheboygan, Wisconsin, alichukua birika la kunyweshea mifugo, akalipaka enameli, akalitia miguu na kuliuza kama hodhi la kuogea. Kwa kuwa mabomba yangeonekana, viwanda vilitengeneza mabomba ya kuonekana: mirija iliyonyooka kutoka sakafuni, kila mmoja na valvu yake ya kufungia, na bomba la maji machafu lililoshuka kwa nje likiunganisha tundu la chini na tundu la kutolea maji yanayozidi. Sura tunayoiita ya kale, basi, ilitokana na mahitaji ya ufundi. Anayenunua sura hiyo leo na kuuachia ufundi wake ujitafutie njia, amenunua ganda.

Koki ya hodhi hili inaweza kukaa mahali panne: kwenye ukuta wa chumba, kwenye mwili wa hodhi, juu ya ukingo wake, au juu ya nguzo inayotoka sakafuni. Kila mahali kuna masharti yake, na karibu masharti yote yanatimizwa kabla zege halijakauka. Koki ya ukutani inataka mabomba yawe yamepandishwa ukutani kwa kimo kinachojulikana na mdomo wake uwe mrefu wa kutosha kuvuka ukingo wa hodhi na kumwaga maji ndani. Koki ya kwenye hodhi inataka matundu, na matundu ya chuma cha kusubu chenye enameli hayatobolewi nyumbani bila hatari ya kuibandua enameli yenyewe. Tena matundu hayo yana vipimo vyake: hodhi la mtindo wa Uingereza huwa na matundu mawili yaliyoachana milimita 180, ilhali koki nyingi za mtindo wa Marekani zinataka inchi 3 na tatu ya nane, yaani kama milimita 86. Nyuzi nazo hazifanani. Vifaa vya kwetu vinafuata kipimo cha Uingereza. Vya Marekani vinaingia kwa mizunguko michache, vinaonekana vimekaza, kisha vinavuja, kwa sababu pembe za nyuzi zao ni tofauti. Koki ya nguzo, ambayo ndiyo inayotamaniwa kuliko zote, ina kimo cha karibu mita moja, na mtu anayetoka majini ataishika tu ili asimame. Isipofungwa kwenye zege kwa bamba lake, ikashikiliwa na marumaru peke yake, itaanza kutikisika, kiungo cha chini kitalegea, na maji yatavuja chini ya sakafu mahali pasipoonekana. Hakuna hata moja kati ya mambo haya linaloweza kuamuliwa siku ya kufunga.

Lililo zito zaidi ni nguvu ya maji. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hazilishwi moja kwa moja na bomba la mtaa. Zinalishwa na tangi lililo juu ya paa au juu ya mnara mfupi. Katika mfumo huo nguvu ya maji haitoki penginepo ila kwenye kimo. Kila mita moja kati ya usawa wa maji ndani ya tangi na mdomo wa koki huleta takriban sehemu moja ya kumi ya bari, kipimo cha nguvu ya maji. Tangi lililo mita tatu juu ya koki linatoa bari 0.3, na humo bado hatujatoa kinachopotea kwenye kona na urefu wa bomba. Sasa chukua miksa, yaani koki inayochanganya maji ya moto na baridi, yenye sura ya kale na ufungue ndani yake. Nyingi za siku hizi zina katriji ya kauri: sahani mbili ndogo zenye tundu dogo, zinazofunguka kwa robo ya mzunguko, na watengenezaji wengi huandika kwenye karatasi ya maelekezo kwamba zinahitaji angalau nusu bari au bari moja. Koki ya kale ya kweli ina skrubu inayopanda na kushuka ikibeba kiduara cha mpira. Ikifunguliwa, kiduara kinaondoka kabisa njiani na maji yanapita kwa upana karibu wote wa bomba. Koki hii ilitumika katika nyumba za Uingereza zilizokuwa na tangi darini, yaani katika hali inayofanana sana na yetu. Koki mbili zinaweza kufanana nje kama mapacha, moja ikajaza hodhi kwa dakika kumi na nyingine ikadondosha uzi wa maji nusu saa nzima. Picha ya simuni haitakuonyesha tofauti hiyo hata ukiikuza vipi.

Kipimo cha kujua haya hakihitaji mhandisi. Kabla ya kununua chochote, fungua bomba lililoachwa kwa ajili ya koki, weka ndoo ya lita 20 chini yake, na uhesabu muda. Ikijaa kwa dakika mbili, unapata lita 10 kwa dakika, na hodhi la lita 180 litajaa kwa dakika 18 bila koki yoyote kuzuia njia. Ikijaa kwa dakika nne, ni dakika 36, na maji ya moto uliyoanza nayo yatakuwa yamepoa kabla ya ya mwisho kuingia, hasa katika hodhi la chuma ambalo nalo linanyonya joto lake. Hapo ndipo upana wa bomba unapokuwa na maana. Bomba la robo tatu inchi lina eneo la kupitisha maji mara 2.25 ya lile la nusu inchi. Kuliamua kabla ya kuchimba ukuta ni suala la kununua mirija mingine tu. Kuliamua baadaye ni kubomoa.

Wanaotetea kawaida iliyopo wana jibu la haraka: funga presha pampu, na koki yoyote itafanya kazi. Jibu hilo lina ukweli nusu. Pampu inaongeza nguvu, lakini inahitaji umeme, na siku umeme ukikatika nyumba inarudi kwenye kimo cha tangi, na koki inayodai bari moja inakuwa mapambo kweli. Zaidi ya hapo, mara nyingi pampu inafungwa upande wa maji baridi peke yake, huku maji ya moto yakishuka kwa uzito wake kutoka kwenye hita. Miksa inapokutana na pande mbili zisizolingana, wenye nguvu unashinda: maji baridi yanausukuma upande wa moto, wakati mwingine hadi ndani ya hita yenyewe, na mwogaji anazungusha koki bila kupata joto analolitaka. Anayetaka pampu na aifunge, lakini ailishe mifumo yote miwili kutoka chanzo kimoja, na aijue nguvu yake kabla ya kuchagua miksa. Kwa maneno mengine, pampu nayo ni sehemu ya uamuzi wa koki, na kuiita dawa ya baadaye ni kulirudia kosa lilelile kwa jina jingine.

Suala la maji ya moto lina hesabu yake, na hesabu hiyo haibembelezeki. Tuseme hodhi linahitaji lita 180 za nyuzijoto 40, hita inatoa maji ya nyuzijoto 60, na maji baridi ya pwani yana nyuzijoto 25. Katika kila lita saba zinazoingia, tatu lazima zitoke kwenye hita. Jumla ni lita 77. Kwenye nyanda za juu, ambako maji baridi yanaweza kuwa na nyuzijoto 18, zinahitajika kama lita 94. Hita ya lita 50, ambayo imezoeleka sana kwenye nyumba za kawaida, haiwezi kulijaza hodhi hilo, na hita ya papo kwa papo inayofungwa kichwani mwa bomba la mvua haifai hata kutajwa. Kisha kuna hatari. Maji ya nyuzijoto 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, na mtoto huungua upesi kuliko mtu mzima. Wakati huohuo si salama kushusha joto la hita ovyo, maana maji vuguvugu yaliyotuama ndiyo makao ya vijidudu vya lejionela. Njia ya kuyapatanisha mambo haya mawili ni valvu ya kudhibiti joto inayokaa kati ya hita na koki. Uingereza na Wales ziliweka sharti mwaka 2010 kwamba maji ya moto yanayoingia kwenye hodhi la nyumba mpya yasizidi nyuzijoto 48. Valvu hiyo nayo inataka nguvu ya maji inayolingana pande zote mbili, na inataka mahali pa kukaa panapofikika. Nani atampatia mahali hapo fundi aliyeitwa baada ya marumaru kupigwa?

Lipo jambo zito kuliko starehe, nalo ni usalama wa maji ya nyumba nzima. Koki nyingi za mtindo wa kale zina kichwa cha mkono kinachokaa juu ya kitanda chake kama mkono wa simu za zamani, kikiwa na mpira mrefu unaofika hadi chini ya hodhi. Mtu anakiacha kimelala ndani ya maji aliyoogea. Nguvu ya bomba ikishuka ghafla wakati huo, mpira huo unageuka mrija wa kunyonya, na maji machafu yanarudi kwenye bomba la maji safi. Historia ina kisa chake. Mwaka 1933, wakati wa maonyesho ya dunia mjini Chicago, ugonjwa wa kuhara damu unaosababishwa na amiba ulizuka miongoni mwa wageni wa hoteli mbili. Watu 98 walifariki, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye mabomba mabovu yaliyoruhusu maji machafu kuchanganyika na maji ya kunywa. Tangu hapo kanuni za ufundi bomba zimesisitiza mambo mawili: mdomo wa koki ukae juu ya ukingo wa hodhi, pasiwe na namna ya kuzamishwa na maji hata hodhi likifurika, na kila kichwa cha mkono kiwe na valvu ya kuzuia maji kurudi. Baadhi ya mahodhi ya kale, yanayouzwa leo kwa bei kubwa kwa sababu ya ukale wake, yana koki inayoingilia ubavuni chini ya ukingo. Huo ni ukale wa kuachwa. Na kwetu hatari hiyo ni ya kila siku kuliko kwa wenzetu, kwa sababu mabomba yetu hubaki matupu mara kwa mara. Dar es Salaam ilipoingia kwenye mgao wa maji mwaka 2022, baada ya Mto Ruvu kupungua, mabomba yalikaa makavu kwa saa na siku, kisha yakajazwa tena. Mpira uliolala ndani ya maji machafu, ukiwa umeunganishwa na bomba lililo tupu, unangoja nafasi tu.

Tukifika kwenye madini ya koki yenyewe, mtazamo wa pambo unafanya madhara yake ya wazi kabisa, kwa sababu unamfundisha mnunuzi kutazama rangi. Dukani vyote vinang'aa: dhahabu, shaba iliyofifishwa, kromu, nyeusi. Chini ya mng'ao huo kunaweza kuwa na brasi nzito au mchanganyiko wa zinki uliochovywa rangi nyembamba. Kuna imani kwamba sumaku itasema ukweli: isiponata, koki ni ya brasi. Sumaku inatambua chuma tu. Hainati kwenye brasi wala kwenye zinki. Kinachosema ukweli ni uzito na rangi ya ndani. Zinki ni nyepesi kuliko brasi kwa takriban moja ya tano, na ukikwaruza kidogo ndani ya nyuzi, mahali ambapo mchovyo haukufika, brasi itaonyesha unjano na zinki itaonyesha kijivu. Tofauti hiyo si ya kujivunia tu. Visima vya maeneo ya pwani, ikiwemo Dar es Salaam, vingi vina maji yenye chumvi kwa sababu maji ya bahari yameingia ardhini, na chumvi inakula zinki bila huruma. Hata brasi ya kawaida si kinga kamili: yenye zinki nyingi hunyang'anywa zinki yake na maji ya namna hiyo, ikabaki shaba yenye vitundu inayomomonyoka. Ndiyo maana ipo brasi iliyotengenezwa mahsusi kustahimili hali hiyo, na anayetumia maji ya kisima anapaswa kuiulizia kabla ya kuuliza rangi.

Watasema: mtu ananunua hodhi la namna hii kwa ajili ya uzuri, na kumzungumzia bari na nyuzi ni kumharibia furaha. Uzuri ni hoja halali, wala makala hii haiupingi. Lakini uzuri wa bafu umekuwa ukitangulizwa na maji tangu zamani, hata hapa kwetu. Hamamni, bafu la umma la Mji Mkongwe, lilijengwa enzi ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, na mtawala huyohuyo ndiye aliyewaletea wakazi wa mji maji safi ya bomba kutoka chemchemi ya nje ya mji. Vyumba vyake vya joto na baridi vingekuwa kuta tupu bila maji. Anayependa uzuri wa kale kweli atapenda pia valvu iliyokaa sawa chini ya koki, bomba lililonyooka na kiungo kisichodondosha, kwa sababu katika hodhi hili ndivyo vinavyoonekana.

Watasema tena: gharama. Koki ya brasi yenye skrubu, valvu ya joto, valvu za kufungia na bomba pana vinazidi bei ya koki ya kuchovya. Ni kweli, siku ya kwanza. Siku nyingine zina hesabu nyingine. Kiduara cha mpira kilichochakaa hubadilishwa kwa kilichopo kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Katriji ya koki isiyo na jina huenda isipatikane tena, na kwa kipande hicho kidogo koki nzima hutupwa. Valvu ya kufungia chini ya koki inamwezesha fundi kufanya kazi bila kukata maji ya nyumba nzima. Na uvujaji chini ya sakafu, au trapu, yaani kiungo cha bomba la maji machafu kinachozuia harufu, iliyofukiwa mahali pasipofikika, huleta bili ya kuvunja marumaru ambazo pengine hazitengenezwi tena kwa rangi ileile. Mwenye bajeti finyu na apunguze kwenye hodhi: la akriliki lina uzito wa makumi machache ya kilo, haliilemei sakafu kama la chuma linalopita kilo 100 likiwa tupu, na linahifadhi joto vizuri. Hodhi rahisi lenye koki bora litatumika miaka mingi. Hodhi la fahari lenye koki hafifu litageuka mahali pa kuwekea nguo.

La mwisho wanalosema ni kwamba fundi ataona la kufanya. Mafundi bomba wetu ni hodari wa kuokoa jahazi, na uhodari huo ndio unaotumiwa vibaya. Fundi anayekuta mabomba mawili yaliyoachana sentimita 15 na koki inayotaka 18 atatafuta viungo vya kupindisha, ataongeza kona, ataongeza gundi na uzi, na koki itatoa maji. Kila kona aliyoongeza imekula nguvu ya maji, na kila kiungo ni mahali pengine pa kuvuja. Yeye atalaumiwa kwa kosa lililofanywa miezi mitatu kabla hajaitwa. Ni dhuluma kwa fundi na hasara kwa mwenye nyumba.

Mpangilio sahihi, kwa hiyo, ni kuugeuza wa sasa. Mwite fundi bomba wakati ramani bado ni karatasi. Pima kimo cha tangi, na kama mabomba yapo tayari, tumia ndoo yako ya lita 20. Fanya hesabu ya hita. Amua mahali pa koki, upana wa mabomba, valvu za kufungia, ya kudhibiti joto na ya kuzuia maji kurudi, pamoja na trapu inayofikika. Nunua koki inayotosheleza hesabu hizo, uishike mkononi na kuikagua ndani, uiweke ndani ya nyumba kabla zege halijamwagwa. Ukishafika hapo, nenda kachague hodhi unalolipenda, kwa rangi uitakayo na miguu uitakayo. Na muuzaji akikuambia koki utaitafuta baadaye, muulize inahitaji nguvu ya maji kiasi gani. Asipojua jibu, usinunue.